UKUMBI WA LUGHA: Aliye peke yake na aliye mpweke



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja aliyetuandikia baada ya kumsindikiza mavyaa wake kwa daktari. Daktari aliuliza maswali mawili mfululizo. La kwanza lilikuwa na neno "alone", la pili lilikuwa na neno "lonely". Mama huyo, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, aliyafasiri yote mawili kwa maneno yale yale: "Mama, uko peke yako?" Na bibi akayajibu yote mawili kwa jibu moja, tena kwa kuudhika kidogo: "Vipi niwe peke yangu, nami nina wanangu na wajukuu?" Daktari akaandika aliyoyaandika, wakatoka. Mama anauliza: Je, maneno haya mawili ni mamoja? Na kama si mamoja, sisi tuna maneno gani ya kuyatenganisha?

Swali hili ni la lugha, lakini halikomei kwenye lugha. Mwezi wa Januari 2018 Serikali ya Uingereza ilimkabidhi waziri mmoja jukumu la kushughulikia upweke wa wananchi, kufuatia kazi ya tume iliyopewa jina la Jo Cox, mbunge aliyeuawa mwezi wa Juni 2016. Huko Marekani, mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali alitoa waraka wa kutahadharisha kuwa upweke unadhuru afya, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaunda tume juu ya jambo hilo hilo. Kwa hivyo maneno haya yameingia katika maswali ya zahanati, ya kaunsili na ya skuli. Anayekosea kuyafasiri hapunguziwi alama kama mwanafunzi katika insha. Huenda akamkosesha mzee wake msaada anaouhitaji, au akamletea mlangoni msaada asiouomba.

"ALONE" NI NENO LA HESABU

Neno "alone" lilikuwa maneno mawili katika Kiingereza cha kati, "all" na "one", yakaungana. Maana yake ya asili ni mmoja mtupu, mmoja asiye na wa pili. Ndani yake hamna furaha wala huzuni. Mwanamke aliye "alone" jikoni aweza kuwa anakuna nazi huku akisoma kaswida kwa moyo mkunjufu. Neno linatuambia idadi ya watu waliomo jikoni, basi.

Wanafunzi wetu wajihadhari na sarufi yake. Kiingereza hakisemi "an alone man". Neno hili hufuata kitenzi: "the man is alone". Likitakiwa kutangulia jina, hukatwa kichwa likawa "lone", na ndipo tunapopata "lone parent", yaani mzazi anayelea bila ya mwenzake. Ndugu wa neno hili ni "only", ambalo nalo limetokana na "one". Basi "an only child" ni mtoto asiye na ndugu, na "a lonely child" ni mtoto mwenye upweke. Yuko mtoto asiye na ndugu naye ana marafiki tele, na yuko mwenye ndugu 7 naye ni mpweke. Mwalimu akiliandika moja ya maneno hayo katika ripoti ya mwanao, lisome kwa makini kabla ya kufadhaika.

Kwa kuwa "alone" ni hesabu, fomu ya kaunsili ijibiwe kwa hesabu. Nyumba inayohesabiwa kuwa na mtu mzima mmoja hupunguziwa robo, yaani asilimia 25, ya kodi ya kaunsili. Wapo ambao sheria haiwahesabu, kama wanafunzi wanaosoma muda wote, lakini mwana mkubwa afanyaye kazi na kulala kwako anahesabiwa. Mzee asiseme "I live alone" kwa sababu tu kutwa hushinda bila ya mtu. Hapo hakuulizwa hali ya moyo wake. Ameulizwa idadi ya watu wazima chini ya paa lake.

Yako pia matumizi mawili ya neno hili yanayowatatiza wazazi. La kwanza ni "let alone", ambalo ni "sembuse" yetu: hajui kusoma, sembuse kuandika. La pili ni "leave me alone". Kijana akilitamka, baadhi ya wazazi hudhani amekana udugu. Maana yake ni "niache" au "usinisumbue". Ni maneno makali kumwambia mzazi, na vijana wetu wayajue makali yake. Nao wazazi wajue kwamba aliyesema "leave me alone" hakusema "I am lonely". Wa kwanza apewe nafasi kidogo apumue. Wa pili akaliwe karibu.

"LONELY" NI NENO LA MOYO

Neno "lonely" lilizaliwa kutokana na "lone". Miongoni mwa maandishi ya mwanzo yaliyolitumia ni tamthilia ya Shakespeare iitwayo Coriolanus, iliyoandikwa kiasi cha mwaka 1608. Wakati huo lilikuwa bado karibu na hesabu: lilimwelekea aliye mbali na wenzake, au mahali pasipopitwa na watu. Matumizi hayo yangali hai, ndiyo maana Waingereza husema "a lonely road". Sisi hatusemi kuwa njia ni pweke. Tunasema njia isiyopita watu, na kijiji kilichohamwa tunakiita mahame. Maana ya majonzi ya moyoni ilikuja kushika nguvu mwanzoni mwa karne ya 19, na leo ndiyo inayotangulia akilini mtu akilisikia neno hili.

Basi "lonely" ni kuhisi kwamba mtu wa kuwa naye hayupo, hata kama watu wapo. Mtu anaweza kuwa "alone" bila ya kuwa "lonely", akawa "lonely" bila ya kuwa "alone", na akawa yote mawili. Ndugu zetu walioko Marekani watasikia zaidi "lonesome", ambalo lina harufu ya kumtamani mtu fulani au mahali fulani.

"SOLITUDE" NA "SOLITARY"

Maneno haya yametoka Kilatini. "Solitude" mara nyingi ni utengano unaotafutwa na mwenyewe, nao una tunda. Sisi Waislamu hatuhitaji maelezo marefu hapa. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokewa akieleza kwamba kabla ya kushukiwa na wahyi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipendezeshewa kujitenga, akawa anakwenda katika pango la Hira kufanya ibada. Na kila mwaka, katika kumi la mwisho la Ramadhani, wapo wanaokaa itikafu msikitini. Mwenye kukaa itikafu haonewi huruma. Huombwa dua. Kwa Kiswahili hali hii tunaiita faragha au khalwa.

Lakini "solitary" lina uso wa pili. "Solitary confinement" ni kumfungia mfungwa katika chumba chake mwenyewe asionane na wenzake, na hiyo ni adhabu. Tofauti ya khalwa na kifungo haimo katika ukubwa wa chumba. Imo katika nani aliyefunga mlango.

Hapa tuwaambie wazazi jambo moja. Kijana anayejifungia chumbani huenda anatafuta faragha, na huenda amekwama katika upweke. Mlango uliofungwa hausemi ni lipi kati ya hayo. Atazamwe anapotoka: je, anatoka ametulia, anakula, anaswali na wenzake, anacheka? Au anatoka vile vile alivyoingia?

"ISOLATED" NA KISIWA

Asili ya "isolated" ni neno la Kitaliano "isola", maana yake kisiwa. Aliye "isolated" amefanywa kisiwa. Mtu wa bara akikitazama kisiwa huona ardhi iliyokatwa na wenzake. Watu wa Unguja, Pemba, Lamu au Ngazija hawakulelewa kukiona hivyo. Kisiwa kwetu ni bandari: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na watu wakaoana, wakafanya biashara, wakapelekeana barua. Kisiwa huwa kiwa pale tu vyombo vinapoacha kutia nanga.

Tukilishika neno kwa mfano huo hatutapotea. Daktari akiuliza kama mzee ni "isolated", anauliza ni vyombo vingapi vinavyotia nanga kwake. Nani hubisha hodi? Nani hupiga simu? Yeye hutoka mara ngapi? Hili ni jambo linaloweza kuhesabiwa na mtu wa nje, hali "lonely" hulijua mwenyewe tu.

Mfano ulio wazi ni mjane aliye ndani ya eda. Kwa miezi 4 na siku 10 hatoki ila kwa haja. Muuguzi asiyejua dini yetu akisikia kuwa mama huyu hatoki, huenda akaandika "isolated". Aelezwe kuwa muda huo una mwisho unaojulikana, na kwamba majirani na jamaa humjia. Lakini tusikimbilie kusema pia kuwa si "lonely", maana amefiwa na mwenzake wa miaka mingi, na nyumba iliyojaa watu wa hitima haimrudishii mumewe.

HAZINA YA KISWAHILI

Sasa tutazame tulicho nacho wenyewe. "Peke yake" ni "alone", nalo ni la hesabu kama mwenzake. Hata watu watatu waweza kuwa "peke yao". Tulitofautishe na "mwenyewe": amepika peke yake, yaani hakuwa na msaidizi, amepika mwenyewe, yaani hakumtuma mtu. Kiingereza hulipa neno "by herself" kazi zote mbili.

"Pekee" ni sifa, na mara nyingi ni sifa njema. Kitu cha pekee hakina mfano. Kutokana na shina la karibu tumepata "mpweke" na "upweke", na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Wanazuoni wetu wanapoifasiri tauhidi husema ni kumpwekesha Mwenyezi Mungu. Kwa Mola, upweke ni ukamilifu, kwani hana mshirika wala hamhitaji yeyote. Kwa mja, neno lilo hilo likawa majonzi, kwa kuwa mja ameumbwa mhitaji. Ndio maana swala ya jamaa ikapewa ubora wa daraja 27 juu ya swala ya mtu peke yake, na wazee wakasema kidole kimoja hakivunji chawa.

"Ukiwa" ni neno zito zaidi, linalopotea midomoni mwa vijana. Ukiwa ni upweke wa aliyeachwa: aliyefiwa, aliyehamwa, asiye na wa kumtegemea. Mtu wa namna hiyo ni mkiwa. Mpweke huenda akapata mwenziwe kesho; mkiwa anamlilia aliyekwisha kuondoka. Fomu ya Kiingereza ikitaja "bereaved", inamkusudia mfiwa, na aliye na ukiwa mara nyingi ni mmoja wao.

Mwisho ni "kutengwa". Hili ndilo la hatari kwa wakalimani, kwa kuwa kamusi huweza kulitoa kama tafsiri ya "isolated". Katika Kiswahili kutengwa hakutokei kwenyewe. Yuko aliyemtenga. Mwambie mzee, "Daktari anauliza kama umetengwa," naye atasikia: "Je, watoto wako wamekutupa?"

TURUDI KWA BIBI

Kwa hiyo tunaweza kuelewa kwa nini bibi yule aliudhika. Kumuuliza mzee wetu, mbele ya mke wa mwanawe na mbele ya mgeni, kama yuko peke yake ni kuigusa heshima ya nyumba nzima. Alipojibu kuwa ana wanawe na wajukuu, aliwasitiri. Jibu lake lilikuwa sitara, na daktari akalipokea kama taarifa ya afya.

Na tujiulize kwa insafu: huenda nyumba yake ikoje? Asubuhi mwana na mkewe wanakwenda kazini, watoto skuli. Jioni nyumba inajaa televisheni, simu na vicheko, na vyote ni kwa Kiingereza. Bibi yumo katikati yao. Anasalimiwa, analishwa, anapelekwa kwa daktari. Mjukuu anampa shikamoo, anamuuliza kama anataka chai, na baada ya hapo Kiswahili chake kimekwisha. Bibi akianza kisa cha mji wake, cha mwaka wa njaa au cha arusi iliyonyeshewa mvua, hapana wa kukimaliza naye. Kwa hesabu, bibi huyu hayuko peke yake hata kidogo. Kwa moyo, huenda ndiye mpweke kuliko wote katika mtaa ule.

Qurani inatueleza dua ya Nabii Zakariya, katika Sura ya Al-Anbiyaa, ya kumwomba Mola wake asimwache peke yake. Tukumbuke kuwa alikuwa na mke nyumbani na watu wa kaumu yake nje. Alichokililia ni mrithi wa kuipokea amana baada yake. Wazee wengi tuliowaleta huku, au waliotutangulia huku, wana wajukuu tele wa damu. Kinachowakosesha usingizi ni kutoona mrithi wa maneno yao. Hilo kaunsili haiwezi kulitibu, wala waziri. Dawa yake ni nusu saa kila jioni ya mjukuu kukaa na bibi, simu ikiwa imewekwa mbali, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili, hata kikiwa cha kuchechemea. Nao wazee tuwanasihi wasiwacheke watoto wanapokosea ngeli, kwani mtoto aliyechekwa hurudi kwenye Kiingereza na harudi tena.

JIBU LA MASWALI YA MAMA

Mwaka 2018 Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ilipendekeza maswali manne ya kupimia upweke wa watu wazima. Matatu ya mwanzo hayalitaji kabisa neno "lonely", kwa sababu wengi huona haya kulikiri. La nne ndilo linalolitaja kwa jina. Hata Waingereza, basi, wameona kuwa mlango huu haubishwi kwa nguvu. Nasi tunapendekeza kwa Kiswahili maneno haya:

Kwa "Do you live alone?", sema: "Unakaa na nani nyumbani?"

Kwa "Are you isolated?", sema: "Ni nani hukutembelea, nawe hutoka kwenda kwa nani?" Usiseme "umetengwa".

Kwa "Do you feel left out?", sema: "Huwa unaona mambo ya nyumbani yanapita bila ya wewe kushirikishwa?"

Kwa "Do you feel lonely?", sema: "Moyo wako huona upweke, hata watu wakiwapo?" Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo ufunguo. Yanampa mzee ruhusa ya kusema ndiyo bila ya kuwatia aibu wanawe.

Tena, ikiwezekana, swali la mwisho lisifasiriwe na mkwe, mwana wala mjukuu. Katika huduma za afya za NHS mgonjwa hupatiwa mkalimani bila ya kulipa, mradi zahanati iambiwe mapema, wakati wa kupanga miadi. Mtoto mdogo asibebeshwe kazi hii kabisa. Mzee atamwambia mkalimani mgeni yale ambayo hatayasema mbele ya aliyempikia chakula cha mchana.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Vijana wafasiri sentensi hizi kwa Kiingereza, kila moja kwa neno linaloistahiki, kisha wazikariri kwa Kiswahili mbele ya mzee wa nyumbani na wamwombe awasahihishe matamshi:

1. Babu anapenda kukaa peke yake baada ya alfajiri akivuta uradi.

2. Mgeni yule alikuwa mpweke katikati ya arusi.

3. Hawezi kupanda ngazi, sembuse kupanda mlima.

4. Yeye ni mtoto wa pekee wa marehemu.

5. Tangu kufa mumewe, amebaki mkiwa.

Sentensi ya 5 ina majibu zaidi ya moja. Majibu yatachapwa katika toleo lijalo inshaallah, pamoja na maelezo ya maneno ya Kiingereza ya ujirani, ambayo nayo yana mitego yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.